Injini Uliyoiacha Sebuleni

Baba Sabina,

Barua ya heshima huanza kwa kuuliza hali ya anayeandikiwa. Sitakuuliza. Hali yako naijua, kwa kuwa nilisimama pale walipokuwa wakikufukia, tena wakikufukia vibaya, udongo mwingi upande mmoja. Yangu ndiyo usiyoijua. Mimi ni mzima. Magoti yananiuma masika kama kawaida. Na sebule yangu, kwa mara ya kwanza tangu ulipoamua kuwa wewe ni fundi wa boti, ina nafasi ya kuweka kiti.

Ndiyo, injini haipo tena sebuleni. Tulia. Ulikuwa na tabia ya kuinuka na kuondoka kabla sentensi ya mtu haijafika kwenye nukta. Safari hii huwezi kuinuka, kwa hiyo utanisikiliza hadi mwisho.

Mambo ya mwanzo unayajua, lakini nitayaandika, kwa sababu hapa kijijini yameanza kusimuliwa na watu ambao hawakuwepo, nao wanayasimulia kwa ufasaha mkubwa. Wale waliokuita kichaa ulipokuwa hai, sasa wanakuita "fundi wetu". Huyo "wetu" ananichefua. Nilikuwa nikifua ovaroli zako peke yangu.

Boti ile ililetwa na wazungu wa mradi wa samaki. Waliiendesha msimu mmoja, wakaondoka, wakakiachia kijiji. Haina pangaboi. Hunyonya maji kwa tumbo na kuyatema nyuma kwa nguvu, na ndiyo maana hupita hata penye maji ya kina cha goti. Bwana mmoja aliyetumwa kuikagua aliinama nyuma yake, akainuka, akauliza, "Pangaboi liko wapi?" Mlinzi, mzee Lutonja, akajibu kwamba hajawahi kuliona. Lilikuwa jibu la kweli kabisa, na kwa ajili ya ukweli huo alilala mahabusu kama mwizi. Baada ya hapo boti ikakaa mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, kuku wa wavuvi wakataga ndani yake, na kijiji kizima kikaridhika. Watu wetu hawana tatizo na kitu kisichofanya kazi. Kinachowasumbua ni mtu anayetaka kukifanyisha kazi.

Mtu huyo ulikuwa wewe, dereva mstaafu wa lori la pamba, usiyejua kuogelea.

Siku tuliyomzika Mama Bahati, aliyefia kwenye mtumbwi akiwa na uchungu wa kuzaa, kwa kuwa mtumbwi ulilazimika kuyazunguka matete yote ya ghuba ili kufika hospitali ng'ambo, ulitembea nyuma yangu. Tulipofika nyumbani ukasema, "Boti ile ingempitisha katikati." Nikadhani ni huzuni inayozungumza. Kesho yake mkokoteni wa ng'ombe ulisimama mlangoni ukiwa na injini juu yake. Serikali ya kijiji ilikuwa imekupa ruhusa kwa furaha, kama watu wanaompa mtoto saa iliyokufa achezee.

Nilikuuliza kwa nini isitengenezwe mwaloni. Ukajibu, "Mwaloni hata nanga inaibwa, Mama Sabina."

Sitarudia yote niliyokuambia kuhusu nyumba. Niseme tu kwamba boriti ya jikoni uliyoifunga minyororo bado imepinda. Valvu zilikaa katika trei la mayai, kila moja mahali pake, na ole wake mwenye kuzigusa. Bolti zilikaa katika bakuli la sukari, nawe ukajitetea kwamba sukari yenyewe haikuwepo madukani. Mgeni akija, nilimkaribisha chai ya chumvi huku akitazama bakuli lililojaa chuma.

Lakini nakumbuka pia siku ilipowaka. Injini ile haina rejeta. Hupoozwa na maji ya ziwa, na ziwa halikuwepo sebuleni, ingawa nisingeshangaa kama ungelileta. Ukaweka pipa nje ya dirisha, ukapitisha mpira wa maji kutoka kwenye pipa hadi kwenye injini, ukayafungua maji, ukangoja uyaone yakitoka upande wa pili. Ndipo ukawasha. Vikombe vyangu vilicheza kabatini. Ukapiga kelele juu ya kelele ile, "Maji kwanza, moto baadaye!" Ukawa huna salamu nyingine. Ulimwambia jirani, ulimwambia mwenye duka, na Padre alipokuja kubariki nyumba ukamwambia naye, akaitikia kwa unyenyekevu, akidhani unazungumzia ubatizo.

Kisha, kazi ikiwa imekwisha na kilichobaki ni kuirudisha injini mwaloni, ukaenda kule na betri kichwani, mzigo ambao punda angeubeba bila kufa. Ulianguka mchangani. Waliokuleta walisema hukusema neno. Nililiona hilo la ajabu kuliko kifo chenyewe.

Sasa sikiliza yaliyotokea baada yako.

Mdogo wako Shija alikuja kutoka machimboni Mwakitolyo. Kwenye mazishi alichelewa, lakini kwenye chakula aliwahi. Alikaa matanga yote akiizunguka injini kama fisi anayezunguka zizi, na hatimaye akatoa hoja yake mbele ya wazee wa ukoo wenu. Duara lake, yaani shimo lao la dhahabu, limejaa maji. Injini hii ikifungwa pampu itayanyonya. Tena, yeye ndiye ndugu pekee wa marehemu. Atairithi injini, nyumba na mjane.

Alinitaja wa mwisho. Nilivumilia hilo. Nisichovumilia ni kwamba alinitaja akiwa anatafuna.

Nikasimama. Nikasema kwamba mimi ni mwanamke niliyefunga ndoa kanisani, nimefundisha shule miaka mingi kuliko umri wa akili ya Shija, na sirithiwi. Nikasema pia kwamba injini si mali ya mume wangu Doto. Ni ya kijiji, na Doto aliitengeneza ili mwanamke mwingine asife kama Mama Bahati. Nikamgeukia Mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwepo, ili athibitishe. Mwenyekiti akaviangalia viatu vyake. Vilikuwa vipya. Baadaye niliambiwa kwamba Shija alikuwa amemwahidi fungu katika duara. Mtu huyu ndiye anayetuhutubia juu ya ujamaa kila sikukuu.

Basi wazee wakaamua kwa desturi. Unaijua: mrithi hukabidhiwa upinde wa marehemu, naye huuvuta mbele ya watu wote, ili ukoo uone kwamba mkono uliokufa umepata mkono mwingine. Wewe hukuwa na upinde. Babu Masanja, ambaye hatofautishi injini na cherehani, akatamka, "Upinde wa Doto ni chuma hiki. Shija ataunguruma tuusikie."

Nikamrekebisha kimoyomoyo: upinde haungurumwi, hunguruma wenyewe. Lakini halikuwa hilo lililonitia hofu. Waliitoa injini sebuleni hadi uani, wakaiweka juu ya magogo, wakafunga betri iliyorudishwa pamoja nawe. Pipa lilibaki dirishani. Mpira wa maji ulibaki umeviringishwa ukutani, palepale ulipouacha wewe.

Nikasema kwa sauti, na watu wote walinisikia, "Shija, maji kwanza."

Akacheka. "Shemeji, upinde haunywi maji. Na mwanamke hamwelekezi mwanamume namna ya kuuvuta."

Wanawake wa kwenu wakaguna kwa kumkubali. Nikakaa. Nilifundisha darasa la kwanza kwa muda mrefu. Najua wakati ambapo mtoto ameamua kuanguka.

Akawasha. Ikanguruma vizuri, Baba Sabina. Nakiri moyo ulinishtuka, kwa sababu ilikuwa sauti yako. Vigelegele vikapigwa. Shija akainua mkono mmoja kama mpiga picha anayeagiza watu wasimame sawa, na kwa mkono wa pili akazidi kuichochea. Nayo ikazidi. Kisha nikasikia harufu ya rangi inayoungua. Sauti ikakauka, ikawa kama ya mtu mwenye pumu, ikalia chuma kwa chuma, ikanyamaza.

Hapo mtu mwenye busara angeondoka. Ndugu yako akatwaa ndoo ya maji ya kunawia wageni, akaimwagia injini iliyokuwa ikitoa moshi. Ilipiga mlio ambao mbwa waliukimbia. Hivyo yeye alianza kwa moto, maji yakafuata. Katika maisha yangu sijapata kuona mtu akiigeuza sentensi moja fupi kwa ukamilifu kama ule.

Babu Masanja akajikongoja hadi penye injini, akaigusa kwa fimbo, akasema, "Upinde umevunjika mkononi mwa mrithi, siku ileile ya kuupokea." Akatema mate kando. "Huyu harithi. Wala chuma, wala nyumba, wala Mwalimu." Kisha akauliza kama nyama imebaki.

Kwa hiyo nilibaki na nyumba, na nafsi yangu, na injini iliyokufa. Shija aliondoka asubuhi akisema, "Mfu amekufa na chuma chake, muacheni." Mwenyekiti alipita barabarani na viatu vyake, akanipa pole kwa mbali. Baba Sabina, kama wangeichukua ikiwa nzima ningewachukia. Waliniachia ikiwa imeharibika, nikawadharau, na dharau ina nguvu ya kazi kuliko chuki. Usiku wa kulia nilikuwa nao mwingi. Mchana nilihitaji kitu cha kushika.

Nikamwita Masudi, yule Mha wa mashine ya kusaga. Usimwonee wivu. Ni mtu mwenye maneno mengi na kucha chafu, na husema "hizi injini hii" bila aibu, hata mbele yangu. Lakini anaogopa kazi mbaya kama mimi ninavyoogopa insha mbaya, na hilo likatutosha. Alipoizunguka mara ya kwanza alisikitika kwa mdomo, akasema, "Mwalimu, shemeji yako ameikaanga kama sambusa."

Tukairudisha sebuleni. Pistoni zilikuwa zimenasa. Tukamimina mafuta ya taa ndani ya silinda, tukaziacha zilowe. Masudi alitaka kuzigonga kwa nyundo siku ileile, nikamzuia. Ulikuwa ukisema kwamba chuma hubembelezwa, na mimi nilikuwa nikikujibu kwamba ungenibembeleza mimi pia. Zikaachia baadaye, tulipozungusha hendeli, taratibu, kama mzee anayeamka.

Silinda hedi, yaani mfuniko wa silinda, ndiyo iliyoleta shida kubwa. Ule moto wa Shija na ile ndoo yake viliikunja, na mfuniko uliokunjika hauzibi chungu. Masudi alisema inahitaji kupelekwa karakana kubwa Mwanza ikasawazishwe, na sote wawili tukajua kwamba petroli ya safari hiyo haipo. "Tukipata kitu bapa kabisa," akasema, "kioo kinene hivi, tunaweza kuisugua wenyewe." Akatazama huku na huku, macho yake yakaishia kwenye kabati langu.

Kile kioo, Baba Sabina. Ulichoninunulia Shinyanga mjini mwaka tuliooana, ukakibeba magotini ndani ya lori njia nzima ili kisipasuke. Nilikifungua mwenyewe mlangoni mwa kabati. Tukakilaza mezani juu ya blanketi, tukatandika msasa juu yake, tukaisukuma ile hedi mbele na nyuma, mbele na nyuma, hadi mabega yakakataa. Kila mara Masudi aliinua, akaweka rula juu yake, akachungulia mwanga chini, akasema, "Bado, Mwalimu." Nikaanza kuota neno hilo. Siku mwanga ulipokosa mahali pa kupita, kioo kilikuwa kimechunika kote, kama jicho la mtu mwenye mtoto wa jicho. Sasa nachana nywele kwa kukisia. Waumini wenzangu wamekwisha kuzoea.

Gaskiti ya kuziba chini ya hedi tuliikata kwenye shaba ya tangi chakavu lililotupwa na kinu cha pamba, kwa kufuatisha ile ya zamani. Masudi aliichoma hadi ikawa nyekundu, akaitumbukiza majini ili ilainike. Bolti tukazikaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, kama ulivyokuwa ukifanya huku ukiimba vibaya. Tulizirudisha bakulini mwa sukari wakati wa kuifungua, zikatoka hadi ya mwisho. Bakuli nimeliosha. Sukari bado haipo.

Siku ya kuwasha nilimzuia Masudi asiguse kitu. Nikalijaza pipa. Nikaufungua mpira, nikangoja hadi nikaona maji yakitoka upande wa pili. Nikawasha mimi. Vikombe vikacheza.

Imerudi kwenye boti. Masudi ndiye anayeshika usukani, na siku ya kwanza tulipita katikati ya matete ndege wakiruka kutoka mbele yetu. Vijana wa mwaloni walikimbia ukingoni wakipiga kelele, "Inatapika! Inatapika!" Hilo ndilo jina la boti sasa, Tapika. Nilikuwa nimependekeza jina la mtakatifu. Hawakunisikiliza.

Mwenyekiti alikuja mwaloni wiki za karibuni, alfajiri, mbio, bila viatu. Binti yake, aliyebebwa nyuma yake kwenye machela, alikuwa na uchungu tangu jana yake na mtoto hashuki. Mzee yule amenizidi umri, lakini alipiga magoti kwenye tope akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Ningeweza kumwambia mengi. Nilikuwa nimeyaandaa, na baadhi yalikuwa na muundo mzuri sana. Nikajibu, "Marahaba. Shika miguu ya mtoto wako tumpandishe." Tukapita katikati. Masudi hakupunguza mwendo hata mara moja, na binti yule alinibana mkono hadi pete yako ikaniingia nyamani. Tulifika. Amejifungua kwa kupasuliwa. Yeye mzima, na mtoto mzima, mwenye sauti ya kuudhi kama ya babu yake. Mwenyekiti sasa anatangaza kwamba mpango wa boti ulikuwa wake tangu awali. Muache. Mtu wa namna hiyo ukimnyang'anya uongo wake atapata baridi.

Nimebakiza jambo moja, na ndilo lililonifanya nikuandikie.

Shija amerudi. Duara liliporomoka, hakufa mtu, lakini hakubaki na kitu. Alikuja jioni, akasimama ukutani. Kisha akasema, "Shemeji, sikuja kurithi. Nimekuja kujifunza." Masudi anataka kurudi Kasulu kwa wazazi wake wazee, na sitamzuia. Mimi magoti yangu hayaruki kutoka kwenye boti. Nilimtazama mdogo wako kuanzia kichwani hadi kwenye ndala. Hakuna nilichokiona cha kunitia matumaini. Lakini ana mabega, anajua kuogelea, na hajui kingine cha kufanya.

Nikamwonyesha ndoo na pipa. Nikamwambia alijaze, na akimaliza alimwage, na alijaze tena. Alijaza. Hakuuliza kwa nini.

Kwa hiyo ninamfundisha. Usicheke, unaniharibia mwandiko. Jana nilimuuliza kinachoanza ni nini, akafikiri, akasema, "Betri?" Leo alisema, "Maji," kisha akaharibu kwa kuongeza, "nadhani."

Baba Sabina, sitaki kukuaga kwa maneno ya kanisani; hayo ulipewa ya kutosha, na mengine yalisomwa vibaya. Lala. Kaburi lako nimelisawazisha kwa mkono wangu, sasa udongo ni sawa pande zote. Ninakuahidi kwamba injini ile haitawashwa tena kavu maadamu mimi niko hai, na kwamba sitakufuata kabla ndugu yako hajaweza kuiwasha, kuizima na kuivusha ghuba bila mimi kufumbua mdomo.

Basi usinisubiri mlangoni. Kwa jinsi ninavyomjua Shija, nitachelewa sana.

Mama Sabina